Marinda 108

Kikundi chetu cha ngoma kina wanawake wanane, na kwa miaka mitatu ya kwanza tulivaa mavazi ya kushonewa. Tulichanga fedha, tukampelekea fundi vitambaa, tukasimama wima mbele yake mmoja baada ya mwingine huku akizungusha tepu kifuani, kiunoni na nyongani, kisha tukarudi baada ya wiki mbili kuchukua mavazi yaliyotukaa vizuri sana mbele ya kioo. Tabu ilianza ngoma ilipolia. Blauzi zilipanda hadi mbavuni mara tu tulipoinua mikono, sketi zilitubana tulipochutama, na katika harusi moja mwenzetu alicheza nusu ya wimbo akiwa ameubana mkono mmoja ubavuni ili mshono uliofumuka kwapani usionekane. Tulimlaumu fundi, tena kwa maneno makali ambayo leo ninayajutia, kwa sababu yeye alifanya kazi yake sawasawa: alipima watu waliosimama, akashona nguo za watu waliosimama.

Wengi wetu tunaishi Jericho na mitaa ya jirani huku Eastlands, Nairobi, mahali ambapo mlio wa cherehani si jambo geni, kwa maana Soko la Uhuru lililo kando ya Barabara ya Jogoo limejaa mafundi. Katika uwanja wa nyumba ninayokaa yupo mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Shosho, yaani bibi, na ambaye alishona sare za shule kwa zaidi ya miaka 30 kabla macho yake hayajachoka na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Tulipomwomba atufundishe alikubali, ila kwa sharti moja, kwamba tuje sote kila Jumamosi alasiri wala tusimtume mmoja ajifunze kwa niaba ya wengine. Wakati huo sikuelewa sababu ya sharti hilo. Nilidhani ni upweke wa mtu mzima anayetaka nyumba yake ijae sauti, na huenda hilo nalo lilikuwamo, lakini siku ya kwanza tu alinikabidhi tepu akaniambia nijipime kiuno mwenyewe. Nilijipima, nikainamisha kichwa kusoma namba, nikapata inchi 34. Akamwita mwenzangu anipime nikiwa nimetazama mbele, ikatoka inchi 36. Nilipokuwa nikiinama kusoma, nilikuwa nimelivuta tumbo ndani bila kujua.

Masomo ya mwanzo sitayaeleza kwa urefu. Tulinunua shuka za mitumba katika soko la Gikomba, tukazikata vipande, tukashona mistari iliyonyooka hadi miguu ikazoea kanyagio, kwani cherehani ya Shosho ni ya miguu na ukiikanyaga vibaya gurudumu hurudi nyuma, uzi ukakatika. Tulijifunza kuzungushia uzi kwenye bobini, kubadilisha sindano namba 14 kabla haijawa butu, kupiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa mishono mipana ya muda, kwa mkono kabla ya kupitisha mashine, na kufumua. Kufumua ndiko tulikofanya zaidi kuliko yote. Cherehani ya miguu ilitufaa kwa namna nyingine pia, kwa kuwa stima ilipopotea tulifungua mlango na dirisha, tukaendelea.

Ngoma tunazocheza zinatoka kwa wenyewe waliomo kikundini. Mmoja wetu alizaliwa Mombasa, naye alituletea chakacha; mwingine ni wa Kakamega, akatuletea isukuti; wa tatu kwao ni Kilifi, na kwake tulijifunza ngoma za Wamijikenda ambazo wanawake huzicheza wakiwa wamevaa hando, sketi yao ya marinda. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna vazi litakalokatwa kabla mwenye ngoma hajasema neno, na ninaamini huo ndio uamuzi bora zaidi tuliowahi kuufanya, ingawa mimi ndiye niliyeuvunja wa kwanza.

Nilikuwa nimenunua jozi ya leso katika mtaa wa Biashara, katikati ya jiji, nia yangu ikiwa kushona sketi ya chakacha. Kila anayeijua leso anajua kwamba ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na juu kidogo ya pindo la chini ina jina, yaani yale maneno yanayoifanya izungumze. Leso ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110, kwa hiyo mshonaji hana kitambaa kisicho na mwisho cha kuchezea. Ana picha iliyokamilika, na kila mkato unaondoa kitu katika picha hiyo. Niliifua kwanza ili wanga utoke na pamba irudi kama itarudi, nikaipiga pasi, nikaikata, nikaunganisha ubavu. Mwenzetu wa Mombasa hakuwapo siku hiyo. Alipofika Jumamosi iliyofuata aliichukua sketi, akaigeuza taratibu hadi akayafikia maneno, akanyamaza. Jina la leso ile lilikuwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mimi nilikuwa nimeziingiza herufi tatu za mwanzo ndani ya mshono, na kilichobaki nje kilisomeka "safirie nyota ya mwenzio." Onyo limekuwa ushauri.

"Dada, hii ukiivaa mbele ya wanawake wa Pwani watasoma kabla hujacheza," aliniambia, na sauti yake haikuwa ya kunicheka.

Tulifumua mshono wote kwa wembe, tukihesabu tundu za sindano zilizobaki kwenye kitambaa, kisha akanionyesha mahali ambapo jina linapaswa kukaa: nyuma, likiwa zima, chini ya makalio, mahali ambapo macho ya aliye nyuma yako yatalifikia unapozunguka. Kwa hiyo mshono wa kuunganisha ulihamia mbele, ambako kuna mji mtupu, nasi tukaongeza kipande kutoka leso ya pili ya jozi ile ili sketi ipate upana wa hatua. Nilipokuwa nikikiunganisha kipande hicho nilikumbuka jambo linalosimuliwa sana kuhusu asili ya vazi hili, kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso za mkononi, hizo zenye jina la asili ya Kireno, wakaunganisha sita kwa pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, basi leso ilianza na mshono wa mwanamke aliyeunganisha vipande, na sindano yangu haikuwa ikiiharibu.

Kibwebwe, kwa upande mwingine, hatukukishona, na hilo nalo lilikuwa somo. Watu wengi husema wamejifunga kibwebwe wakimaanisha kwamba wamejitolea kwa bidii, lakini wachache jijini wamewahi kukiona kile kitambaa chenyewe kinachofungwa kiunoni mwa mchezaji ili kuishikilia nguo na kuonyesha mwendo wa nyonga. Tulijaribu kutengeneza vibwebwe vya kudumu, vimeshonwa vikawa mikanda mipana yenye vishikizo, tukidhani tutaokoa muda wa kuvaa. Vyote viliteremka kabla wimbo haujafika nusu. Leso iliyokunjwa na kupigwa fundo hujibana zaidi kadiri kiuno kinavyozunguka, ilhali mkanda ulioshonwa kwa kipimo kimoja hubaki na kipimo hicho hicho wakati mwili umeshahama. Tulivifumua, tukavirudisha kuwa leso.

Isukuti ilitufundisha mabega. UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mwenzetu wa Kakamega hupenda kutukumbusha hivyo kila tunapoichukulia kama mazoezi ya viungo. Ngoma zenyewe, za ukubwa tofauti, huliitisha bega kwanza, kisha kiuno, kisha miguu inayokanyaga ardhi kwa pamoja. Blauzi zetu za zamani zilikuwa na mashimo makubwa ya mikono, nasi tuliamini kwamba shimo kubwa humpa mkono nafasi. Shosho alitusahihisha kwa kutuwekea nguo mbili mezani. Shimo la mkono likishuka chini sana, alieleza, mkono unapoinuka huibeba blauzi nzima, kwa sababu kitambaa cha ubavuni kimefungwa kwenye mkono badala ya kwenye mwili. Shimo likikaa juu, karibu na kwapa, mkono huinuka peke yake na ubavu ukabaki mahali pake. Nilibisha kimoyomoyo hadi nilipoivaa ile ya pili nikatikisa mabega, na upindo wa blauzi haukupanda hata inchi moja.

Hata hivyo shimo dogo hubana pale mkono unaponyooka kabisa kuelekea juu, na hapo ndipo tulipoletewa kikwapa. Washonaji wa kanzu wanakijua tangu zamani: ni kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya kwapa, mahali ambapo mshono wa mkono hukutana na mshono wa ubavu. Chetu tulikikata inchi 4 kwa 4 na kukilaza ili mvuto wa mkono upite mshazari, kwa maana kitambaa kilichofumwa hakinyumbuki ukikivuta kufuata uzi wake, lakini ukikivuta mshazari kinakubali. Pembe za kikwapa ndizo ngumu. Sindano inapofika kwenye pembe lazima ibaki imezama kitambaani, uinue mguu wa cherehani, ugeuze nguo, ushushe mguu, uendelee. Ukivuka pembe kwa uzi mmoja tu unapata kikunjo kinachokwaruza kwapa usiku kucha. Nilitia vikwapa kumi na sita kabla sijapata kimoja ambacho Shosho alikipitia kidole bila kusema neno.

Sasa nifike kwenye hando, ambalo ndilo lililotuchukua miezi na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Hando ni sketi fupi ya wanawake wa Kimijikenda, iliyojaa marinda kwa tabaka juu ya tabaka, hivi kwamba nyonga huonekana pana na kila mtikiso wa kiuno huonekana mara mbili, kwanza kwenye mwili na kisha kwenye kitambaa. Kabla ya kukata chochote tulikwenda Bomas of Kenya, Lang'ata, kituo kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kuhifadhi tamaduni na ngoma za nchi hii, tukaketi karibu na uwanja, tukakatazana kutazama nyuso za wachezaji. Tulitazama viuno pekee. Nilichokiona siku hiyo kilibadilisha mawazo yangu kuhusu kazi yetu: mchezaji alipokuwa amekwisha kusimama, sketi yake iliendelea kucheza kidogo, kama mapigo mawili hivi, ndipo ikatulia. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kinachotakiwa kushonwa ni yale mapigo mawili.

Tulichagua merikani, ile pamba nyeupe ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19, wakati meli za Marekani zilipokuwa zikileta vitambaa Zanzibar. Hesabu ilifanywa ukutani kwa chaki. Kila rinda la inchi 1 linalokunjwa kikamilifu hula inchi 3 za kitambaa, yaani inchi ya juu inayoonekana na mbili zilizojificha chini yake. Kiuno cha inchi 36 kinahitaji marinda 36, hivyo inchi 108 za kitambaa, na kwa tabaka tatu inakuwa inchi 324, jumla ya marinda 108 katika sketi moja. Nilipoiona namba hiyo ukutani niliingiwa na hofu ya bei, lakini Shosho alichukua merikani yenye upana wa inchi 60, akaipasua kwa urefu ikatoa vipande vinne vya inchi 14 kila kimoja, na mabaki ya inchi 4 akayaweka kando yawe ukanda wa kiuno. Vipande hivyo vinne vikiunganishwa ncha kwa ncha, mita mbili na robo zinatosha sketi nzima, na viungo vyake huingizwa kwenye sehemu ya ndani ya rinda visionekane. Wanane sisi tulihitaji mita 18. Nimeishika kalamu kazini kwa miaka mingi, na bado sijaona hesabu iliyonifurahisha kama ile.

Sketi ya kwanza tuliikunja kwa macho. Tulikuwa watatu mezani, mmoja akikunja, mmoja akitia pini, mmoja akipiga bandi, na kila rinda lilionekana kuwa inchi moja. Tulipoifunga kiunoni mwa mwenzetu wa Kilifi haikufika. Tukapima: inchi 31 na nusu. Hakuna rinda lililokuwa limekosewa kwa zaidi ya thumni ya inchi, yaani sehemu moja ya nane, upana ambao jicho huupuuza kwa urahisi, lakini thumni moja mara 36 ni inchi 4 na nusu. Tulifumua tabaka zote tatu, nasi tulikuwa kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yetu. Shosho alikata kipande cha boksi chenye upana wa inchi 1 kamili, akakipitisha chini ya kila kunjo kabla ya pini, na tangu siku hiyo kipande hicho hukaa ndani ya kopo la vifungo, kimeandikwa kwa kalamu kisitupwe.

Ya pili ilitosha kiuno. Ilikuwa nadhifu ajabu, marinda yote yamelala upande mmoja, na Shosho, ambaye mikono yake imeshona maelfu ya sketi za shule, aliyapitishia mshono kutoka kiunoni hadi inchi 4 chini ili yasitawanyike nyongani. Tuliwasha muziki kwenye simu. Mwenzetu akacheza, na sketi ikafuata mwili wake kwa utii, ikasimama naye aliposimama. Nilijua kwamba jambo fulani limekosekana, ila sikuweza kulitaja. Yeye alituma picha ya video kwa mama yake Kilifi, na jibu lilikuja kwa sauti jioni ile ile, tukalisikiliza tukiwa tumeizunguka simu.

"Wanangu, mmeshona vizuri, lakini hapo juu mmefunga mlango. Marinda yaanze kufunguka kiunoni penyewe, nyonga zipate mahali pa kukaa."

Nilimtazama Shosho, nikihofia kwamba angeumia. Aliomba aisikilize tena. Kisha akachukua wembe, akaanza kufumua mwenyewe ule mshono wa inchi 4, akisema kwamba sare ya shule inamtaka msichana aonekane hana nyonga, na kwamba yeye ameifuata sheria hiyo kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba ni sheria. Mshono ulipotoka, marinda yalifunguka kama yamevuta pumzi. Mwenzetu aliivaa tena, akatikisa kiuno mara moja, akasimama, na kitambaa kikaendelea bila yeye. Nilihesabu. Yalikuwa mapigo mawili.

Tangu hapo tuna namna yetu ya kufanya kazi, nayo ndiyo inayonifanya niamini kwamba vazi la ngoma haliwezi kushonwa na mtu aliyejifungia peke yake. Nguo ikifika hatua ya bandi, kabla ya mashine, mwenyewe huivaa na kucheza wimbo mzima, wala si kuzunguka mara moja mbele ya kioo. Wengine hugawana sehemu za kutazama: mmoja huangalia kwapa, mmoja ukanda wa kiuno, mmoja upindo, mmoja mgongo. Anayecheza haruhusiwi kutazama chini, kwa sababu akitazama chini hucheza kwa tahadhari na nguo haitasema kweli. Uzi wa bandi ukikatika mahali, tunatia alama ya chaki, tunauliza ni hatua gani iliyoukata, na hapo ndipo tunapoongeza nusu inchi au kurudia mshono mara mbili. Nimewafahamu marafiki zangu kwa namna hii kuliko nilivyowafahamu kwa miaka mitatu ya kusimama nao mstari mmoja: ninajua nani huanza na bega la kushoto, nani huvuta pumzi kubwa kabla ya kuchutama, na nani kiuno chake huongezeka inchi moja baada ya chakula cha mchana, hata akanushe vipi.

Ni kwa sababu hiyo pia tulikataa lastiki na zipu kwenye hando. Tabaka tatu za merikani ni nzito, lastiki hulegea, na zipu hutii kipimo kimoja tu, wakati sketi hizi tunaazimana. Tulishona kamba kwenye ncha za ukanda, inchi 12 kila upande, zifungwe nyuma.

Mwezi uliopita mwenzetu wa Kilifi alikwenda nyumbani na sketi moja ili mama yake aione kwa macho. Ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya leso. Tuliigeuza nje ndani tukitafuta alichokirekebisha. Marinda hayakuguswa, viungo havikuguswa, upindo haukuguswa. Alikuwa ameziondoa kamba zetu na kutia zake, ndefu mara mbili na zaidi, ili zipite nyuma, zirudi mbele, na fundo likae chini ya kitovu, mahali ambapo mchezaji anaweza kulikaza mwenyewe bila kuomba msaada katikati ya ngoma. Sketi saba zimebaki, na Jumamosi hii tunakata kamba.